Laptopu imekataa kuwaka na CD ya Windows huna: tuanzie wapi?

"Yaya, mashine inakatala. Na CD yake siko nayo."

Hapa Lubumbashi maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, na mara nyingi anayeyasema amebeba mashine ndani ya mfuko wa plastiki kama mtu anayepeleka kuku sokoni. Nusu ya kwanza ni tatizo kweli. Nusu ya pili usiihangaikie. Mashine zetu nyingi zimeshatumika Ulaya, Dubai au Afrika Kusini, zinaingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa au ndani ya sanduku la mjomba, na sijaona hata moja iliyofika na CD yake. Hata ingefika nayo, laptopu za siku hizi hazina pa kuiingizia.

Zamani, enzi za Windows 7, ufunguo wa leseni uliandikwa kwenye kibandiko kilichogandishwa chini ya mashine, na kikifutika kwa jasho la mapaja ulikuwa umekwisha. Tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, watengenezaji huuandika ufunguo ndani ya kijichipu cha ubao mama. Windows 10 na 11 zimeongeza jambo: Microsoft wenyewe hukumbuka kwenye seva zao kwamba ubao fulani una leseni. Kwa hiyo haki ya kutumia Windows unatembea nayo ndani ya mashine. Unachohitaji ni flashi ya GB 8 au zaidi, mashine ya jirani kwa saa mbili, na mega (bando la intaneti) za kutosha.

Lakini kufomati, yaani kufuta diski na kuweka Windows upya, ni hatua ya mwisho. Kwanza tujue kinachouma.

Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi

Kama hata nembo ya mtengenezaji (HP, Dell, Lenovo) haitokei, Windows haihusiki kabisa, maana zamu yake bado haijafika. Usikubali mtu akutoze pesa za kufomati mashine ya namna hiyo. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde thelathini, kisha rudisha chaja peke yake ujaribu. Ikikataa, fungua kifuniko cha chini, toa RAM (kile kipande cha kumbukumbu), sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, uirudishe mpaka isikike "tak". Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, vumbi letu jekundu linapoingia kila mahali, dawa hiyo pekee imenirudishia mashine nyingi. Isipowaka hapo, ni kazi ya mtu wa kulehemu, na mwongozo huu haukusaidii.

Nembo inatokea, kisha kiduara kinazunguka bila mwisho

Hapa Windows ndiyo mgonjwa, na mara nyingi diski ni nzima. Kabla ya flashi, jaribu dawa iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Iwashe, na kiduara kikianza kuzunguka izime kwa kushikilia kitufe. Rudia mara tatu. Mara inayofuata Windows itaelewa kwamba kuna shida na kukufungulia ukurasa wa bluu wa ukarabati. Kwa kuwa mashine nyingi za hapa zinasema Kifaransa, tafuta "Dépannage", kisha "Réinitialiser ce PC".

Utaulizwa mambo mawili. La kwanza, mafaili yabaki au yafutwe. Ukichagua yabaki, picha na nyaraka zako zitabaki lakini programu ulizoongeza zitaondoka. La pili, Windows ipakuliwe upya kutoka intaneti au itumike iliyomo ndani. Kupakua hula karibu GB 4 za mega, lakini kama mafaili ya ndani yameoza ndiyo njia inayofaulu. Kumbuka kwamba kazi hii haianzi bila chaja kuwa ukutani. Betri peke yake haikubaliki, hata ikisoma asilimia mia.

Kwenye HP, kubonyeza F11 wakati wa kuwasha hufungua sehemu ya siri ya diski ambayo mtengenezaji aliweka nakala ya Windows ya kiwandani. Hiyo ndiyo "CD" unayoitafuta, ila mafundi wengi huifuta ili kupata nafasi.

Maandishi meupe: hakuna kifaa cha kuwashia

Sababu ni tatu: diski imekufa, diski imelegea, au mashine inatafuta mahali pasipo. Ingia kwenye baiosi, yaani mipangilio ya ndani ya mashine (F10 kwa HP, F2 kwa Dell, Acer na Asus nyingi, F1 au F2 kwa Lenovo) uangalie kama jina la diski limeorodheshwa. Likiwepo, shida iko kwenye mpangilio au kwenye Windows. Lisipokuwepo, hata ukiwa na CD kumi hutasakinisha chochote, kwa sababu hakuna pa kuweka.

Diski za zamani za kuzunguka hukuambia zenyewe. Weka sikio kwenye kona ya mashine. Ukisikia tik, tik, tik kama saa ya ukutani, kisha kimya, kisha tik tena, zima sasa hivi. Kila dakika unayoiacha ikiwaka unapoteza mafaili. Diski za SSD, zile zisizozunguka, hazina huruma hiyo, zinakufa kimya.

Mafaili kwanza

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo mafundi wetu wanapoharibu maisha ya watu.

Mwanafunzi mmoja wa Kasapa aliniletea Lenovo yake wakati wa kumaliza mwaka. Ilikuwa inawaka vizuri, Windows mpya kabisa, inang'aa. Alichotaka ni kazi yake ya kumaliza masomo, kurasa sabini na kitu, ambayo ilikuwamo kabla hajaipeleka kwa fundi mwingine mjini. Fundi hakumwuliza kitu. Alifomati diski nzima, akaweka Windows, akachukua pesa zake. Kwenye SSD, kilichofutwa hivyo kwa kawaida hakirudi, na sikuweza kumrudishia. Alibaki na kurasa ishirini na mbili alizokuwa amemtumia mwalimu wake kwa barua pepe.

Kwa hiyo: tengeneza flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaowaka bila Windows (faili lake ni karibu GB 3, na namna ya kuitengeneza iko chini), iwashe mashine kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, fungua diski ya ndani kama unavyofungua folda, nakili Documents, Desktop na picha kwenye diski ya nje. Mara nyingine Linux itaifungua diski kwa kusoma tu na kukataa kuandika. Hiyo ni kwa sababu Windows ililala badala ya kuzimika sawasawa, na kwa kazi ya kunakili haikusumbui.

Ikidai ufunguo, diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe. Ufunguo wake ni tarakimu 48, na kama mwenye mashine aliingia kwa akaunti ya Microsoft, kawaida unapatikana ndani ya akaunti hiyo kwa kutumia simu. Bila ufunguo, mafaili hayasomeki, na asikudanganye mtu kwamba ana programu ya kuvunja. Ila kama hutaki kitu chochote kilichomo, ufunguo hauna kazi. Futa diski nzima, uendelee.

Kutengeneza flashi, na kwa nini inakataa

Windows hupakuliwa bure kwenye ukurasa wa Microsoft. Ukifungua ukurasa huo kwa mashine ya Windows, utapewa kiprogramu kinachotengeneza flashi chenyewe. Ukiufungua kwa simu au Linux, utapewa faili zima la ISO (Windows yote ndani ya faili moja), zaidi ya GB 5. Mimi napendelea ISO, kwa sababu naipakua mara moja usiku na kuitumia mwaka mzima, badala ya kuwachoma watu mega kila mara.

ISO ukiinakili ndani ya flashi kama unavyonakili wimbo, haitawaka. Lazima iandikwe kwa programu kama Rufus, ambayo ni ya bure na haihitaji kusakinishwa. Humo kuna swali moja muhimu: GPT au MBR, yaani diski ipangwe kisasa au kizamani. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 8 au zaidi, chagua GPT na UEFI (baiosi ya kisasa). Mashine ya zama za Windows 7, chagua MBR. Ukikosea hapa, utakutana na matatizo mawili yaliyo chini, halafu utailaumu diski.

Halafu kuna flashi zenyewe. Flashi ya kandokando ya barabara iliyoandikwa GB 64 kwa bei ya soda mbili mara nyingi ndani ina GB 8 au pungufu, imedanganywa tu kusema ni kubwa. Rufus itamaliza kuandika bila malalamiko, na usakinishaji utakufa katikati. Ijaribu kwanza kwa H2testw, inayojaza flashi yote kisha kuisoma tena. Inachosha, lakini unaifanya mara moja kwa kila flashi.

Flashi ipo, mashine haiioni

Chomeka flashi mashine ikiwa imezimwa, kisha bonyeza-bonyeza kitufe cha menyu tangu sekunde ya kwanza, usisubiri nembo. HP ni Esc kisha F9. Dell na Toshiba ni F12. Lenovo ni F12, au kile kitundu kidogo pembeni unachokichoma kwa sindano. Asus ni Esc. Acer ni F12, ila kwenye Acer nyingi F12 imefungwa mpaka uingie baiosi kwa F2 na kuifungulia. Hili limenipotezea muda mwingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kama Windows bado inawaka kidogo, usiizime kwa njia ya kawaida. Kuzima kwake ni nusu usingizi, na vitufe vinapitwa. Chagua kuwasha upya, kisha ubonyeze.

Bado haionekani? Hamisha flashi upande wa pili wa mashine. Tundu la bluu ni USB 3, jaribu jeusi. Kama ni flashi ya Linux na inakataliwa kwa maneno mekundu ya usalama, zima Secure Boot (ulinzi wa kuwashia) ndani ya baiosi kwa muda.

Usakinishaji umeanza, lakini diski haipo kwenye orodha

Orodha tupu, na kitufe cha "Charger un pilote". Watu wengi hapa hukimbilia kununua diski mpya. Subiri. Kama baiosi iliiona diski na prosesa ya mashine yako ni Intel ya kizazi cha 11 au zaidi, mara nyingi shida ni mpangilio unaoitwa VMD, ambao flashi haina draiva yake (kiprogramu cha kuitambulisha kwa Windows). Nenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa mashine, pakua draiva ya Intel RST, ifungue, weka folda yake ndani ya flashi ileile, kisha umwonyeshe msakinishaji. Baadhi ya baiosi hukuruhusu kuizima VMD kabisa, ambayo ni rahisi zaidi kama unafuta kila kitu.

Diski ikionekana lakini ujumbe ukisema haiwezi kupokea Windows kwa sababu ya MBR, ni lile swali la Rufus la juu, au diski iliwahi kupangwa kizamani. Kama mafaili umeshayatoa, bonyeza Shift na F10 (mashine nyingine hutaka na Fn), andika diskpart, kisha list disk. Soma ukubwa kwa macho yako mawili: diski ya ndani ni GB 256 au 500, flashi ni 8 au 16. Ndipo select disk 0, au namba yoyote inayolingana, kisha clean. Amri hiyo haiulizi mara ya pili.

Inafika asilimia fulani na kugoma

Namba 0x80070570 na 0x8007025D maana yake ni kwamba msakinishaji alishindwa kusoma au kuandika faili sawasawa. Mshukiwa wa kwanza ni flashi au ISO iliyokatika wakati wa kupakua. Kwenye mashine ya jirani fungua kidirisha cha amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe mlolongo unaotoka na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa Microsoft. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Ukilingana, badili flashi. Ukibadili flashi na bado, shuku RAM, halafu diski.

Kama inamaliza, inajiwasha upya na kuanza tena kukuuliza lugha, hakuna kilichoharibika. Inaisoma flashi tena. Ichomoe mara tu inapojizima kwa mara ya kwanza.

Na umeme? Ukikatika katikati ya kusakinisha na betri yako ni ya jina tu, utaanza upya, basi. Flashi haiharibiki. Kwenye SSD kazi huchukua nusu saa hivi, kwenye diski ya kuzunguka zaidi ya saa moja. Azima betri ya rafiki mwenye mashine kama yako, au nenda penye sola. Kisichofaa kabisa ni kusasisha baiosi siku ambayo umeme unacheza. Huko ukikatwa katikati, mashine inaweza isiwake tena.

Nenosiri limekataliwa, na wewe ndiye uliyeliweka

Mama mmoja wa Kamalondo alinipigia siku moja baada ya kuchukua mashine yake. "Fundi, ulinibadilishia nenosiri?" Sikulibadilisha. Mashine ilitoka Dubai, vibonye vyake ni QWERTY, mpangilio wa Kiingereza. Mimi kwa mazoea, wakati wa kusakinisha, nilichagua Kifaransa na mpangilio wa AZERTY. Akaandika nenosiri lake mwenyewe, mwamba1, akaona vitone saba, akaridhika. Kilichoandikwa kweli ndani ni hiki: ,zq,bq&. A ilikuwa Q, W ilikuwa Z, M ilikuwa alama ya mkato, na 1 bila Shift ilikuwa &. Alipoingia kila kitu kilifanya kazi, kwa sababu kosa lilikuwa lilelile pande zote mbili. Jioni mwanawe akarekebisha mpangilio kuwa QWERTY, na kuanzia hapo mlango ukafungwa.

Kwenye ukurasa wa kuingilia, kona ya chini kulia, kuna herufi FRA au ENG. Bonyeza hapo, rudisha mpangilio wa awali, ingia, kisha ubadili nenosiri. Na mashine zilizotoka Ubelgiji zina AZERTY yao: @ iko kwenye kibonye cha 2, wakati ya Ufaransa iko kwenye 0. Siku hizi naangalia vibonye kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Inawaka, lakini haitulii

Wifi haionekani: draiva haipo, na huwezi kuipakua bila wifi. Chukua simu ya Android, iunganishe kwa kebo ya USB, washa kugawa intaneti kwa USB. Windows huitambua bila draiva ya ziada. Kisha iache isasishe yenyewe, ila kaa ukiangalia mega.

Saa inasoma mwaka 2015 na kila tovuti inakuambia si salama: betri ndogo ya ubao mama imekwisha, mara nyingi CR2032. Leseni nayo inaweza kukataa kujihalalisha mpaka saa iwe sahihi. Ukiweka saa, usichague majira ya Kinshasa. Sisi tuko saa moja mbele yao, kundi moja na Harare na Pretoria.

Leseni imekataa ingawa saa ni sawa: uliweka toleo la Pro kwenye mashine iliyozaliwa na toleo la Home. Wakati wa kusakinisha, penye swali la ufunguo chagua "Je n'ai pas de clé de produit", kisha toleo lilelile la zamani. Usikimbilie vile viprogramu vya kuvunja leseni vinavyozunguka kwenye flashi za mjini. Kabla ya kufanya kazi vinakuomba uzime kinga ya virusi, na hilo pekee lingetosha kukushtua.

Kuhusu toleo: Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (kijichipu cha usalama) na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Soma jina kamili la prosesa: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-7200U ni cha 7, na huyo wa pili ameachwa nje. Kwa mashine hiyo, kama kazi ni kuandika, barua pepe na video, mimi huiachia ile Linux Mint iliyotumika kuokoa mafaili.

Windows mpya inakukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua

Umefuta kila kitu, umesakinisha safi, umeunganisha intaneti, na mashine inakuambia karibu kwenye benki fulani ya nchi fulani, weka barua pepe ya kazi. Hii si Windows mbovu. Namba ya utambulisho ya mashine bado imeandikishwa kwa mwenye wake wa kwanza, na kila ukisakinisha na kuunganisha, itaulizwa tena. Kwa kawaida ni yeye anayeiondoa. Wauzaji wengine wanajua hili, ndiyo maana husakinisha bila intaneti: huko swali halitokei, na mnunuzi anakuja kulikuta miezi baadaye, siku anayofomati.

Ukinunua mashine iliyotumika, omba ifomatiwe mbele yako na uiunganishe kwa simu yako mwenyewe kabla ya kuhesabu dola. Ikikutajia jina la kampuni, mrudishie muuzaji hapohapo. Kama umeshalipa, rudi na risiti, na uende mapema, kabla hajahamisha meza.